Kupata kazi ya rasilimali watu au mafunzo kupitia wakala wa ajira

Ukitafuta chumba Sinza au Tabata, wewe mpangaji ndiye unayemlipa dalali, mara nyingi kodi ya mwezi mzima. Kwa wakala wa ajira ni kinyume. Anayelipa ni mwajiri: ama asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa mtu aliyepatikana, ama mshahara wa mwezi mmoja au zaidi, kutegemea ukubwa wa nafasi. Kwa kawaida kuna dhamana pia. Mtu akiacha kazi au akishindwa kazi ndani ya miezi mitatu hivi, wakala atatafuta mwingine bila malipo.

Shika hilo kabla hujatuma CV popote, kwa sababu mengi yanayowaudhi watafuta kazi yanatokea hapo. Wakala hakutafutii kazi. Anamtafutia mteja wake mtu, na asipokujibu kwa wiki mbili si kwamba amekudharau, ni kwamba hana oda inayokufaa. Anachoogopa kuliko vyote ni kumpeleka mtu atakayemwaibisha au atakayeondoka mwezi wa pili. Kazi yako ni kumwondolea hofu hiyo.

Sisi wa fani ya rasilimali watu tuna jambo la ziada. Mhasibu akishapata kazi kupitia wakala, hadithi imeisha. Wewe ukipata, baada ya miezi michache ndiye utakayekuwa unaamua wakala gani apewe oda ya madereva, wahasibu na mameneja. Wakala analijua hilo tangu simu ya kwanza. Anakupima kama mtu wa kumpeleka, na pia kama mteja wake wa kesho. Ukimjibu kwa kiburi atakumbuka, ukimjibu kwa weledi atakumbuka pia.

Kwanza: jua ni kazi ipi unayoitaka, na kama wakala anayo

Kama unataka kuwa afisa utumishi serikalini, acha kusoma hapa. Nafasi hizo Tanzania hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, unaomba kwenye Ajira Portal, unaitwa kwenye usaili wa mchujo pamoja na mamia ya wenzako. Wakala binafsi hana mlango huko. Anayekwambia anao anataka hela yako.

Wakala anahudumia sekta binafsi: viwanda, benki, migodi ya Kanda ya Ziwa, hoteli, kampuni za simu, mashirika ya kimataifa. Na hata huko, oda nyingi anazopewa ni za watu wa ngazi ya kati na juu, wenye miaka mitatu, mitano, kumi ya kazi. Mwajiri halipi ada ya wakala ili apate mhitimu wa mwaka huu, kwani wahitimu wanampigia hodi wenyewe kila Jumatatu. Kama ndiyo kwanza umetoka Mzumbe, Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama au Chuo cha Utumishi wa Umma, nenda kwa TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, ukaulizie nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Baada ya mwaka mmoja au miwili ndipo wakala binafsi atakuona.

Halafu chagua tawi. “HR” ni neno pana mno. Kuna anayeandaa mishahara, kuna anayeshughulikia mahusiano kazini na mashauri, kuna anayeajiri, kuna wa mafunzo, na kuna yule wa kila kitu, ambaye viwanda vidogo humtaka kwa sababu yuko peke yake ofisini. Mwambie wakala mawili kati ya hayo, la kwanza na la pili. Ukisema unaweza yote, anakuweka kwenye kundi la watu ambao hajui awapeleke wapi.

Upande wa mafunzo nao una kazi tatu zinazochanganywa sana. Ofisa mafunzo wa kampuni hupima mahitaji, hupanga kalenda, hulinda bajeti na huleta wakufunzi. Huenda asisimame mbele ya darasa mwezi mzima. Mkufunzi husimama mbele ya darasa kila siku. Mshauri wa nje huuza mafunzo kwa siku. Wakala akiwa na oda ya ofisa mafunzo, kisha CV yako imejaa “nilifundisha, nilifundisha”, anakuruka. Andika kwa kadiri ya kazi unayoitaka.

Pili: makaratasi

Kenya jambo hili limefungwa na sheria. Sheria ya wataalamu wa rasilimali watu ya 2012 inataka mtu asajiliwe na IHRM, taasisi ya wataalamu hao, na awe na cheti cha kufanyia kazi, na njia ya kawaida ya kufika huko ni mitihani ya kitaaluma ya CHRP. Wakala wa Nairobi atakuuliza namba ya uanachama kabla ya kukuuliza jina la chuo. Ukiwa wa mafunzo, jua pia habari za NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya: waajiri wa Kenya hulipa tozo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kudai kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyotolewa na mkufunzi aliyesajiliwa. Ofisa mafunzo aliyewahi kufuatilia madai hayo mpaka hela ikarudi ana kitu cha kuzungumza.

Tanzania wakala huangalia shahada, kisha sheria za kazi. Vyeti vya nje vya rasilimali watu kama CIPD ya Uingereza au SHRM ya Marekani hupendwa na mashirika ya kimataifa. Kiwanda cha Mbagala kinataka kujua kama umewahi kusimama mbele ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi. Usikope hela kulipia cheti cha nje kabla ya kujua unaelekea upande upi.

Hakikisha pia una cheti cha utumishi kutoka kwa kila mwajiri uliyemwacha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe ajira inapokoma. Inachekesha ni maofisa rasilimali watu wangapi waliowaandikia wenzao vyeti hivyo kwa miaka, na wao wenyewe wakaondoka bila.

Tatu: kumpata wakala wa kweli

Mawakala binafsi wa ajira Tanzania hufanya kazi chini ya Sheria ya Huduma za Ukuzaji Ajira ya 1999, kwa leseni inayotolewa na Kamishna wa Kazi. Kanuni za 2014 zimekataza mambo mawili ya kukumbuka: wakala kumtoza mtafuta kazi, na wakala kujifanya yeye ndiye mwajiri wa watu aliowatafutia wateja wake. Kenya leseni hizo ziko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kuuliza namba ya leseni si utovu wa adabu. Wewe ni mtu wa rasilimali watu, na wakala mzuri atafurahi kwamba unajua la kuuliza.

Ukitumiwa namba ya M-Pesa ulipie “ada ya fomu”, “ada ya kufungua faili” au “vipimo vya afya” kabla hata hujaonana na mwajiri, mazungumzo yameisha. Hakuna haja ya kubishana naye.

Sasa, si kila wakala halali anakufaa. Pitia matangazo ya wakala mmoja ya miezi mitatu iliyopita, kwenye LinkedIn au ukurasa wake mwenyewe. Hesabu kichwani: ni mangapi yalikuwa ya rasilimali watu au mafunzo? Wapo mawakala wanaoishi kwa madereva na walinzi, wapo wa mauzo, wapo wa mameneja waandamizi. Wakala asiyewahi kutangaza nafasi ya fani yako hana mteja wa kukupeleka, hata akikupokea kwa chai. Mikutano na mafunzo ya Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, ni mahali pengine pazuri, maana mawakala huja kutafuta wateja wao, na wewe ukiwa umekaa pale unaonekana upo kwenye fani.

Chagua wawili, wakizidi sana watatu. Wengi hutuma CV kwa wakala kumi wakidhani wanaongeza bahati. Hebu fikiria kinachotokea ofisini kwa mwajiri. Kampuni imetoa oda moja kwa mawakala wawili. Asubuhi CV yako inaingia kutoka kwa wa kwanza, mchana inaingia tena kutoka kwa wa pili. Ukiajiriwa, wote watadai ada. Meneja ana watu wengine wanne kwenye orodha ambao hawana ugomvi wowote. Atakuweka kando, na hakuna atakayekupigia kukueleza kwa nini.

Kwa hiyo weka daftari, au karatasi ya Excel kama ndiyo tabia yako: tarehe, wakala, jina la kampuni aliyotaka kukupeleka, jibu. Na mwambie kila wakala maneno haya wazi: “Naomba usitume CV yangu kwa mteja yeyote kabla hujanitajia jina lake.” Matangazo yao huficha jina, husema “mteja wetu, kampuni kubwa ya uzalishaji”. Ni haki yao kwenye tangazo. Kabla ya kukupeleka, ni haki yako kujua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na CV yako ni taarifa binafsi. Tena kuna sababu ya kawaida zaidi: mteja huyo wa siri anaweza kuwa ndiye mwajiri wako wa sasa, anayetafuta mtu wa kukaa kwenye kiti chako.

Nne: CV ambayo wakala ataweza kuiuza

Wakala anaisoma CV yako akiwa na swali moja: nikimpigia mteja, nitasema nini juu ya huyu kwa sentensi mbili? Mpe sentensi hizo. Tazama mstari kama huu, ambao uko kwenye nusu ya CV za fani yetu:

*Nilihusika na masuala yote ya rasilimali watu ikiwemo ajira, mafunzo na nidhamu.*

Hausemi chochote. Mtu huyohuyo angeweza kuandika:

*Kiwanda cha vinywaji, wafanyakazi 340, zamu tatu, tawi la chama cha wafanyakazi TUICO. Niliandaa mishahara ya kila mwezi pamoja na makato ya PAYE, NSSF na michango ya mfuko wa fidia, WCF. Nilikuwa katibu wa upande wa mwajiri kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora. Mashauri 6 ya CMA kwa miaka miwili: 4 yaliisha kwenye usuluhishi, 1 tulishinda, 1 tulishindwa.*

Idadi ya wafanyakazi ndiyo namba ya kwanza wakala anayoitafuta, na ndiyo inayokosekana mara nyingi. Mtu aliyehudumia watu 40 na aliyehudumia watu 900 wamefanya kazi mbili tofauti, hata kama vyeo vinafanana. Kisha anatafuta kama kuna chama cha wafanyakazi, kama watu wako kwenye zamu, kama kuna wageni wenye vibali vya kazi, na mishahara iliandaliwa kwa programu gani. Kama ni Sage au Aruti, itaje. Kama ni Excel tupu, itaje vilevile. Viwanda vingi vipo hapohapo na wanataka mtu asiyeogopa fomula.

Kuhusu lile shauri mlilolishindwa: acha libaki. Kwenye usaili utaulizwa kwa nini mlishindwa, na jibu kama “meneja alimwachisha mtu kazi kabla ya kikao cha nidhamu, nami nilikuta barua imeshatoka” linaonyesha unajua shimo liko wapi.

Kwa watu wa mafunzo, ugonjwa ni kuhesabu vichwa. “Nilifundisha wafanyakazi 200” haimwambii mwajiri kama walijifunza kitu. Andika kilichobadilika: *Wasimamizi wa zamu 22 walikuwa wanatoa barua za onyo zenye makosa ya utaratibu. Nilitengeneza mafunzo ya nusu siku kwa kutumia barua zao wenyewe. Barua zilizorudishwa zilishuka kutoka 9 hadi 2 kwa nusu mwaka.* Namba ndogo ya kweli inazidi kubwa inayoelea.

Na jambo moja linaloangusha watu kimyakimya. Wakala anapoomba mfano wa kazi yako, usimtumie orodha ya mishahara ya mwajiri wako, wala barua ya onyo yenye jina la mtu, wala ripoti ya tathmini ya utendaji. Tengeneza mfano wenye majina ya kubuni. Afisa rasilimali watu anayetoa siri za wafanyakazi ili apate kazi amekwisha kujibu swali muhimu kuliko yote kumhusu.

CV iwe kurasa mbili, tatu ukiwa mkongwe. Itume kwa Word pia siyo PDF pekee, kwa kuwa mawakala wengi huihamishia kwenye karatasi yenye nembo yao na kuondoa mawasiliano yako. Wadhamini watatu, na uwe umewataarifu.

Tano: ujumbe na simu

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi. Hata huu unatosha:

*Habari za asubuhi, dada. Mimi ni afisa rasilimali watu, miaka sita kwenye uzalishaji, kiwanda cha mwisho kina watu 340 wenye chama. Nimeona mmetangaza nafasi za fani yangu mara kadhaa mwaka huu. Natafuta nafasi ya afisa mwandamizi Dar es Salaam au Pwani, upande wa mahusiano kazini. Notisi yangu ni siku 28. CV nimeambatisha. Naweza kuongea baada ya saa kumi na moja jioni.*

Saa ya kuongea ni muhimu kuitaja. Ukipigiwa saa nne asubuhi uko ofisini kwako na bosi ameketi meza ya pili, utajibu kwa kunong’ona na wakala atafikiri huna furaha na kazi. Na hiyo notisi, kama mkataba wako ni wa mshahara wa mwezi na umeshapita mwezi wa kwanza, sheria ya Tanzania inataka isipungue siku 28. Usiahidi kuanza Jumatatu. Mtu wa rasilimali watu anayesema ataondoka bila notisi anamwambia mwajiri mpya jinsi atakavyoondoka kwake.

Simu yenyewe huwa ya dakika ishirini hivi. Kwa nini unataka kuondoka, unalipwa kiasi gani, unakaa wapi, umeomba wapi kwingine. Kisha, kama wakala anaijua kazi yake, atakutega swali la kazini:

“Kaka, mlinzi amekutwa amelala zamu ya usiku, mara ya tatu sasa. Meneja wa kiwanda anataka aondoke leo leo. Wewe unafanyaje?”

Anayesema “namwandikia barua ya kuachishwa” ameanguka. Anayesema “nafuata taratibu” hajasema kitu. Anayefaulu anazitaja: “Kwanza namwomba meneja atulie, kama ni lazima tumsimamishe kwa mshahara kamili. Naangalia faili, yale maonyo mawili yapo kwa maandishi na hayajapitwa na wakati? Uchunguzi ufanyike. Nampa barua ya tuhuma, nampa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aje na mwenzake au mtu wa chama. Kikao kiongozwe na mtu asiyehusika na tukio. Uamuzi uwe wa maandishi, na haki ya kukata rufaa itajwe.” Hayo yote yamo kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Zisome usiku wa kabla ya simu hata kama unadhani unazijua. Wakala huenda hajui kila kifungu, ila anajua kusikiliza kama mtu anaongea kutoka kazini au kutoka kwenye daftari la chuo.

Swali la kwa nini unaondoka, jibu kwa sentensi moja na usimseme mwajiri wako vibaya. Dunia ya rasilimali watu ya Dar es Salaam ni ndogo. Wengi wako kwenye makundi yaleyale ya WhatsApp.

Sita: mshahara

Wengi wetu tunaogopa swali hili kuliko mengine, jambo la ajabu kwa watu ambao kazi yao ni mishahara. Wakala akiuliza matarajio, taja kiwango cha chini na cha juu, useme wazi kuwa ni mshahara ghafi, na utenganishe na posho. Ukisema tu “milioni moja na nusu”, yeye ataandika ghafi na wewe ulimaanisha inayobaki mkononi, na mtakuja kujua siku ya ofa.

Fanya hesabu mwenyewe kabla. Chukua ghafi ya 1,800,000 Tanzania Bara. NSSF 10% ni 180,000, inabaki 1,620,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2021, anayezidi milioni moja hulipa 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi, yaani 186,000, jumla 314,000. Mkononi 1,306,000. Ukiwa bado unadaiwa mkopo wa elimu ya juu, HESLB wanachukua 15% ya mshahara wako wa msingi juu ya hapo. Sasa unajua kama ile milioni moja na nusu uliyokuwa ukiitamani mkononi inahitaji ghafi kubwa zaidi. Wapo wasaili wanaomwomba mwombaji wa kazi ya HR afanye hesabu hii papo hapo ubaoni.

Usidanganye mshahara wa sasa. Utaombwa hati ya malipo ya mwezi, na anayeipokea ameshaona za aina hiyo maelfu. Kama hutaki kuutaja, sema hutaki, utaje matarajio peke yake. Wakala atanung’unika kidogo, atakubali.

Na usidhani atakupigania mshahara hadi mwisho kwa kuwa ada yake inapanda nao. Tofauti ya laki moja kwako ni kodi ya nyumba. Kwake ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na hatari ya mwajiri kubadili mawazo. Atakusukuma ukubali haraka. Ni kawaida, ijue tu.

Saba: ukipelekwa kwa mwajiri

Hapa wakala ni wako kidogo, maana sasa anataka ushinde. Mtumie. Muulize nani watakaa kwenye jopo, nafasi imekuwa wazi kwa muda gani, aliyekuwepo alikwenda wapi, mteja aliwakataa waliotangulia kwa sababu gani. Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko tovuti nzima ya kampuni.

Kazi za mafunzo mara nyingi zina jaribio: fundisha jopo kwa dakika kumi na tano. Watu huja na slaidi arobaini za Kiingereza kuhusu nadharia za watu wazima wanavyojifunza. Uliza kwanza utakaowafundisha kazini ni akina nani. Kama ni waendesha forklift na wapakiaji, fundisha kwa Kiswahili, na kiwe Kiswahili cha ghalani: wapi pa kusimama, uma uwe chini kiasi gani ukitembea na mzigo, dereva afanye nini pallet ikimzibia mbele. Leta kitu cha kushika. Simamisha mtu mmoja wa jopo afanye. Mafunzo ya usalama kwenye kampuni zetu yameandikwa kwa Kiingereza cha makao makuu, kisha yanasainiwa na watu wasioyaelewa, na mkurugenzi yeyote aliyewahi kupata ajali kiwandani analijua hilo. Mkufunzi anayeweza kulivuka shimo hilo mbele ya macho yake hahitaji slaidi ya thelathini na tisa.

Ukitoka, mpigie wakala siku hiyohiyo umweleze ilivyokwenda, hata pale ulipoteleza. Mteja atampigia pia, na ni afadhali awe na maelezo yako mkononi.

Kimya kikifuata, subiri wiki moja, uliza mara moja kwa ujumbe mfupi, kisha endelea na mambo yako. Bajeti husimama, mkurugenzi husafiri, nafasi hujazwa na mtu wa ndani. Wakala mara nyingi hajui zaidi yako.

Nane: ofa na miezi ya kwanza

Soma mkataba kwa jicho lile unalosomea ya wengine. Jina la mwajiri ni la kampuni uliyosailiwa nayo au ni la mtu mwingine? Likiwa la wakala, rudi kwenye kanuni za 2014 uulize. Mahali pa kazi, saa, mshahara, muda wa majaribio, yote yawe kwa maandishi. Usitoe notisi kwako hadi umeshika nakala iliyosainiwa na pande zote mbili. Neno la wakala kwamba “imeshapita, bado saini tu” si mkataba.

Mwajiri wako wa sasa anaweza kukuongezea hela ubaki. Uamue hilo kabla ya kuanza safari. Ukishasaini kisha ukageuka, kwa wakala huyo umekwisha, na kwa fani hii ambayo wakala ndiye atakayekuwa anakuuzia watu kwa miaka ijayo, gharama ni kubwa kuliko kwa mhasibu.

Katika ile miezi mitatu ya dhamana wakala atapiga simu kujua unaendeleaje. Mwambie ukweli mapema kama kazi si ile uliyoelezwa, maana wakati huo ana sababu ya kuzungumza na mteja. Mwezi wa tano hana.

Kisha itakuja simu nyingine, ya kuulizia kama mna nafasi za kujaza. Atakuwa mchangamfu, na huenda akagusia kwamba kuna kitu kidogo chako kwenye kila mtu mtakayemchukua. Hicho kitu kidogo kikatae palepale kwa simu. Kama kazi yake ni nzuri, mpeleke kwenye utaratibu wa manunuzi wa kampuni pamoja na mawakala wengine, na umtaarifu bosi wako kwa barua pepe, siku hiyohiyo, kwamba ndiye aliyekuleta.